Kwa Nini Baga ya Maharage Humeguka?

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha pili kazi ya maharage mwilini, naye atakujibu bila kusita kwamba maharage ni chakula cha kujenga mwili. Amelikariri jibu hilo tangu shule ya msingi, na jibu lenyewe ni sahihi. Mwulize tena: kwa nini maharage yaliyochemshwa, yakapondwa na kufinyangwa mfano wa kababu bapa, humeguka yatiwapo katika mafuta ya moto, ilhali bajia ya kunde, ambayo haikuchemshwa kamwe, hushikamana barabara? Hapo atanyamaza, na aghalabu mwalimu wake naye atanyamaza. Maoni yangu ni kwamba swali hili la pili lina sayansi nyingi kuliko lile la kwanza, na kwamba tungalilifundisha ipasavyo, kunde zingalipata heshima mezani ambayo kukariri peke yake hakujazipatia.

Neno baga lisitutishe. Ni nyama iliyosagwa, ikafinyangwa duara, ikakaangwa na kuwekwa katikati ya skonzi iliyopasuliwa. Watu wa pwani, ambao kababu na katlesi ni vyakula vyao vya siku nyingi, hawataona ugeni ndani yake isipokuwa hiyo skonzi. Baga isiyo na nyama nayo si jambo la jana. Huko Uingereza Gregory Sams alianza kuuza ya kwake, aliyoiita VegeBurger, mwaka 1982. Na mwaka 2016 kampuni ya Impossible Foods ya California ilitoa baga ya mimea iliyo nyekundu ndani kama nyama. Habari ya wekundu huo nitairudia.

Yafaa niseme mapema kwamba hoja yangu si hoja ya Ulaya wala ya Marekani. Huko watu wengi hula nyama kila siku, na wataalamu wao wanawashauri waipunguze kwa ajili ya moyo wao na kwa ajili ya hewa, kwa kuwa ng'ombe acheuapo hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Sioni sababu ya kuihamishia hoja hiyo, kama ilivyo, katika nyumba ambayo nyama huonekana siku ya sikukuu. Nyumba hiyo haihitaji kuambiwa iache nyama. Inahitaji kunde zipikwe kwa namna ambayo mtoto atazitamani. Mimi mwenyewe nilisoma shule ya bweni ambako maharage yalikuwa chakula cha mchana na cha jioni, siku saba kwa juma, yakielea katika maji ya chumvi pamoja na wadudu wake. Nilihitimu nikiwa nimeapa kutoyaonja tena. Kiapo hicho nilikivunja miaka mingi baadaye, nyumbani kwangu, nilipojaribu kutengeneza baga za maharage kwa ajili ya watoto. Nilifinyanga saba. Zote saba zilimeguka katika kikaango, tukaishia kula uji wa maharage yenye mafuta.

Kosa langu lilikuwa maji. Haragwe kavu lina maji kidogo sana, lakini likiisha kulowekwa na kuchemshwa uzito wake huongezeka kwa zaidi ya mara mbili, na nyongeza hiyo yote ni maji. Ukiliponda likiwa vivyo hivyo, maji hukaa kati ya chembe na chembe, nazo haziwezi kugusana. Yakiingia katika mafuta ya moto, maji hayo hugeuka mvuke kwa ghafla, mvuke hutafuta njia ya kutokea, na baga hupasuka. Wapishi wengi hudhani dawa ni kuongeza unga. Unga mwingi huishikamanisha baga, ni kweli, lakini huigeuza kuwa andazi gumu lenye ladha ya unga. Dawa ni kupunguza maji kwanza, kisha ndipo kufikiria gundi.

Na gundi yenyewe ni nini? Ni wanga. Punje za wanga zikiwa mbichi hazina unato. Zikipata maji na joto la nyuzi 60 hadi 75 za Sentigredi, hufura, hupasuka na kuwa kama uji mzito, nao upoapo hukaza. Kila aliyesonga ugali ameliona jambo hili kwa macho yake, ingawa pengine hakuambiwa kwamba ni kemia. Sasa angalia tofauti ya bajia na baga. Kunde za bajia hulowekwa, huondolewa maganda na kusagwa zikiwa mbichi. Kusaga huvunja seli na kuziachilia punje za wanga, ambazo bado hazijafura. Zinafura ndani ya mafuta, pale pale zinapotakiwa kushika. Protini mbichi nayo huganda kwa joto, kama ute wa yai, ikasaidia kazi hiyo. Lakini haragwe lililochemshwa wanga wake umekwisha kufura ndani ya seli zake, na kuta za seli hizo bado nzima. Ukiliponda, seli huachana bila kuvunjika, kila moja ikiwa imeifungia gundi yake ndani. Ndiyo maana baga ya maharage huhitaji kuazima wanga kutoka nje, na bajia haihitaji.

Elimu hii ya bajia ni ya Afrika tangu kale. Kunde ni zao lililoanza kulimwa katika bara letu, na watu wa Afrika Magharibi hutengeneza akara kwa njia hiyo hiyo. Waliochukuliwa utumwani wakaipeleka Bahia, nchini Brazil, ambako huitwa acarajé. Wamisri nao hufanya vivyo hivyo kwa maharage yao mapana. Basi mtu anaweza kuuliza: kama njia ya kusaga mbichi ni bora, kwa nini tusiitumie kwa maharage yetu ya kawaida?

Jibu ni kwamba ni hatari. Maharage ya kawaida, hasa yale mekundu, yana protini iitwayo lektini ambayo yakiwa mabichi ni sumu kwa tumbo. Maharage manne au matano tu yaliyolowekwa pasipo kupikwa yaweza kumfanya mtu mzima atapike na kuharisha katika muda wa saa 1 hadi 3. Nchini Uingereza visa 50 vilivyoshukiwa kuwa vya sumu hii vilichunguzwa, vilivyotokea kati ya mwaka 1976 na 1989. Mafuta ya moto hayatoshi kuiondoa, maana ndani ya baga joto halipandi haraka. Sumu hii huharibika kwa mchemko mkali: maharage yaliyolowekwa yachemke kwelikweli si chini ya dakika 10, na dakika 30 ni salama zaidi, kisha yaendelee mpaka yaive. Joto la nyuzi 80 bila mchemko laweza hata kuongeza makali yake. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ya watumiao jiko la kikapu, lile linalohifadhi joto kwa matambara au pamba ili kuokoa mkaa. Ni jiko zuri sana, nami ninalo. Lakini maharage yasiingizwe humo kabla hayajachemka motoni kwa muda niliotaja. Wakaao nyanda za juu wakumbuke tena kwamba maji yao huchemka mapema. Mbeya, ambako ni kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 94, si 100. Kwa hiyo maharage ya huko hukaa motoni muda mrefu kuliko ya Dar es Salaam. Wengine hutia magadi kuyalainisha. Magadi hulainisha kweli, kwa kuwa huyeyusha pektini inayounganisha seli, ila huharibu vitamini B1, na seli zikilainika kupita kiasi baga hugeuka tope.

Njia ninayoifuata sasa ni hii. Robo kilo ya maharage makavu huchambuliwa, huoshwa na kulowekwa usiku kucha, na maji ya kulowekea humwagwa. Pamoja na maji hayo huondoka sehemu ya zile sukari ambazo bakteria wa utumbo mpana huzigeuza kuwa gesi. Wanafunzi wa mabweni hawahitaji maelezo zaidi. Maharage huchemshwa katika maji mapya mpaka haragwe lipondeke kati ya vidole viwili, huchujwa, kisha hurudishwa katika sufuria tupu juu ya moto mdogo na kugeuzwageuzwa kwa mwiko hadi maganda yaanze kupasuka na mvuke upungue. Hatua hii ya kukausha, ya dakika 5 au zaidi, ndiyo niliyoikosa siku ile ya baga saba. Huyaponda kwa mchi, si kuyasaga. Theluthi moja hivi ibaki vipandevipande, ili mlaji apate kitu cha kutafuna. Kisha huongeza kikombe kimoja cha wali uliolala mahali pa baridi, au kiazi kitamu kilichochemshwa na kukauka, vijiko vitatu vya unga wa sembe, karanga zilizokaangwa na kutwangwa kiasi cha gramu 50, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cha rangi ya dhahabu, kitunguu saumu, bizari, pilipili manga na chumvi. Kitunguu kibichi kisitiwe, maana kina maji. Mchanganyiko ukae saa moja penye ubaridi ili unga unywe unyevu uliosalia, ndipo zifinyangwe baga nane, unene wa kidole.

Katika kikaango mafuta yatie kidogo, yapate moto hata kipande cha mchanganyiko kikidondoshwa kilie papo hapo. Tena baga isiguswe kwa dakika 4. Kishawishi cha kuigeuza mapema ni kikubwa, na ndicho kinachoharibu baga nyingi zilizotengenezwa vizuri. Muda huo unahitajika kwa sababu maji ya juu yakiwa bado hayajatoka, halijoto ya ngozi ya baga haiwezi kupanda sana kupita nyuzi 100. Yakiisha kutoka, hupanda hadi kufikia 140 na kuzidi, ndipo sukari na asidi amino huungana na kuleta rangi ya kahawia na ile harufu ambayo sisi huiita harufu ya nyama choma. Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza tukio hili mwaka 1912. Si mali ya nyama peke yake. Maharage nayo yana asidi amino, na mwenye subira huipata harufu hiyo.

Tufanye hesabu ya kilichomo. Robo kilo ya maharage makavu ina kiasi cha gramu 55 za protini, karanga gramu 12 hivi, wali na unga gramu chache. Kwa baga nane, kila moja hupata gramu 9, na skonzi huongeza kidogo. Si haba. Lakini zaidi ya wingi kuna ubora: protini ya nafaka ni haba kwa asidi amino iitwayo lisini, ambayo maharage wanayo tele, na maharage wamepungukiwa methionini, ambayo nafaka huwa nayo. Mahindi, wali au ngano vikiungana na maharage, kimoja huziba pengo la mwenzake. Kwa madini ya chuma tusijisifu sana. Maharage yana chuma, ila kingi hufungwa na fitati na kupita bila kufyonzwa. Limau lililokamuliwa juu ya baga, nyanya mbichi au pilipili hoho husaidia kukifungua, na kikombe cha chai pamoja na mlo hukizuia. Tena mimea haina vitamini B12. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa kabisa lazima aipate kwa njia nyingine, na kumficha ukweli huo kwa ajili ya kuisifu baga ni udanganyifu.

Karanga nazo zichaguliwe. Zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa kukaanga hakuondoi sumukuvu yote. Ukungu ni ule ule unaoharibu mahindi. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Najua nitaambiwa kwamba mafuta ni ghali, mkaa ni ghali, na mama wa nyumbani hana saa ya kungojea unga unywe maji. Ni pingamizi la haki. Kwa siku za kazi mchuzi wa maharage utaendelea kutawala, wala sina ugomvi nao ukiwa umeungwa vizuri. Ninachokiomba ni kwa shule, ambako sufuria la maharage hupikwa kila siku hata hivyo, na ambako mizani na kipimajoto vimefungiwa kabatini hatua chache kutoka jikoni. Vipimo viwili vya mchanganyiko, kimoja kilichokaushwa na kimoja ambacho hakikukaushwa, vipimwe uzito kabla na baada ya kukaangwa. Darasa zima litaona maji yalipokwenda.

Nilisema nitarudi kwenye wekundu wa baga ile ya California. Unatokana na leghemoglobini ya soya, protini iliyo jamaa ya hemoglobini ya damu yetu, ambayo kampuni huitengeneza kwa kuipandikiza jeni yake katika hamira. Lakini protini ya namna hiyo imo pia katika shamba la shule. Ng'oa kwa uangalifu mche wa kunde unaokaribia kutoa maua, osha mizizi, tafuta vile vinundu vinavyokaliwa na bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewa, kisha upasue kimoja kwa wembe. Kikiwa kinafanya kazi, ndani kitakuwa na rangi ya waridi: ni leghemoglobini inayoithibiti oksijeni isije ikakiharibu kimeng'enya cha bakteria hao. Kilichozeeka huwa cha kijani au kijivu. Kazi hii haihitaji ila jembe, wembe na ndoo ya maji, nayo ifanyike kabla maganda ya kunde hayajaanza kujaa, maana baada ya hapo vinundu vingi huwa vimekwisha kupoteza rangi.