Nyumba Nzima Ile Sahani Moja

Ndugu zangu wa Kilindoni, mtoto akinenepa hapa kwetu tunamsifu: "Mashallah, ana afya." Sifa hiyo inatuchelewesha. Unene ukizidi, mafuta huweza kujikusanya kwenye ini bila kuuma. Mtoto anasoma, anacheza, hana homa. Mafuta hayo yakiachwa miaka, ini huweza kupata makovu, na kisukari kikamnyemelea angali kijana.

Adui mkubwa ni sukari, hasa ya kunywa. Soda ya mililita 350 ina takribani vijiko tisa vya chai vya sukari, na inayozidi mahitaji ya mwili, ini huigeuza mafuta. Ongeza juisi ya unga na maandazi ya saa nne kwenye geti la shule, chai ya vijiko vitatu nyumbani, chipsi jioni. Siku imekwisha, tunda hajaonja.

Atasema mtu: Tanzania bado ina watoto waliodumaa. Kweli, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini soda haimrefushi mtoto. Aliyedumaa na aliyenenepa wanahitaji chakula kilekile: samaki, maharage, kisamvu, papai. Tusiuze samaki wote bandarini kisha tukapika tambi.

Tiba ya kwanza ya ini lenye mafuta kwa mtoto ni chakula na michezo. Wala hatumshindishi njaa: anayekua, mara nyingi inatosha uzito usimame huku kimo kikipanda. Mpelekeni hospitali ya wilaya apimwe, mpate ushauri.

Ila msimtenge. Akinywa maji peke yake huku kaka zake wana soda, ataona anaadhibiwa, naye atakwenda kuinywa kwa jirani. Baba na mama waanze, bibi naye aache kumfichia pipi. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa shule apate dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku: aliye karibu na shule atembee, bodaboda ibaki kwa wa mbali, wakitoka madrasa wacheze ufukweni hadi Magharibi inapokaribia, wasichana pia.

Kina mama wanaouza getini tusiwafukuze, wanalisha familia. Mkutano ujao wa wazazi tuwaalike, tukubaliane nao wauze muhogo wa kuchemsha, karanga na machungwa, na sisi tuwape watoto wetu hela ya kununua hivyo.