Tafuta wimbo kwanza, mtambo utafuata

SAFU: MASIKIO WAZI
Na Salma Mwinyikondo

Kigeuzi cha shilingi milioni mbili hakiwezi kurudisha gita la besi ambalo halimo ndani ya faili. Naanza na hilo kwa sababu najua yanayowapata wapenzi wengi wa muziki wa zamani. Mtu anasikiliza santuri kwa rafiki yake, anaipata besi inayotembea, matoazi yanayopumua, mwimbaji aliyesimama katikati ya chumba. Akirudi kwake anautafuta wimbo uleule kwenye simu, anaiunganisha na amplifaya, na anaukuta umepwaya. Anakata shauri kwamba dijitali ni mbovu. Dukani anauziwa kigeuzi kipya, kile kisanduku kinachogeuza namba kuwa umeme wa sauti na ambacho wauzaji hukiita DAC, pamoja na waya mnene. Anakifunga usiku huohuo, na wimbo haujabadilika.

Sikio lake halikumdanganya. Tofauti aliyoisikia ipo, na ni kubwa. Ila chanzo chake kiko mbali sana na kigeuzi.

Tazama safari ya wimbo wa dansi wa miaka ya 1970. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyingi ya nyimbo zilizotoka kwa santuri zilitolewa Nairobi. Mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, ameacha santuri nyingi za huko. Santuri hizo zilikatwa kutoka kanda ya studio au nakala yake ya karibu. Faili unalolipata mtandaoni leo mara nyingi limetoka kwenye kaseti, nayo kaseti ilinaswa redioni au ilinakiliwa kutoka kaseti nyingine. Kila nakala iliongeza mvumo wake. Kichwa cha deki kikikaa mshazari kidogo tu, sauti nyembamba za juu zilififia. Mota ikiwa na kasi isiyo yake, wimbo ulipanda au kushuka, ndiyo maana anayejaribu kupiga gita akifuatana na baadhi ya mafaili hayo hulazimika kukaza au kulegeza nyuzi kwanza.

Juu ya hayo ukaja ufinyaji. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kila sekunde kwa biti 16, na kwa stereo inabeba kilobiti 1,411 kila sekunde. MP3 ya kilobiti 128, iliyojaza simu zetu kwa miaka mingi, imebakiwa na sehemu moja kati ya kumi na moja hivi. Programu hutupa kile inachokadiria kuwa sikio halitakikosa, na mara ya kwanza hukadiria vizuri. Tatizo ni faili lililofinywa, likapakiwa mtandaoni, likashushwa, likafinywa tena ili lipite kwenye simu ya mtu mwingine. Matoazi hubaki mchakacho. Mtu analinganisha faili kama hilo na santuri safi, halafu anahukumu teknolojia nzima.

Na hata CD halali zina kasoro zake. Kuanzia miaka ya 1990 kampuni nyingi zilishindana kuutoa muziki kwa kishindo: sehemu tulivu zikapandishwa mpaka zikakaribia sehemu za juu, na muziki ukakosa pa kuvuta pumzi. Bendi ya Metallica walipotoa albamu ya Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki wao waligundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa na nafasi kuliko zilizo kwenye CD. Mchezo ule nao ni dijitali. Kilichotofautiana ni mkono wa fundi aliyeandaa masta, nakala ya mwisho ambayo nyingine zote hutokana nayo. Santuri kwa maumbile yake humbana fundi huyo: akipandisha sauti kupita kiasi, mfereji unapanuka na muda wa upande mzima unapungua, kwa hiyo masta ya santuri mara nyingi huandaliwa kwa utaratibu mwingine. Sehemu kubwa ya utamu tunaousifia imetoka hapo.

Asiyeniamini akumbuke yaliyotokea Marekani mwaka 2022. Mobile Fidelity, kampuni ambayo santuri zake huuzwa ghali na kusifiwa na wasikilizaji wagumu kuridhika, ilikiri kwamba nyingi ya santuri hizo zilipitia hatua ya dijitali kabla ya kukatwa, na kwamba imekuwa ikifanya hivyo kwa miaka kadhaa. Watu walioapa kwamba masikio yao hutambua dijitali mara moja walikuwa wamezipenda, wamezinunua, wakazitaja kuwa mfano wa usafi wa njia ya zamani. Walikuwa na haki ya kukasirika, kwani walifichwa. Lakini sauti waliyoipenda ilikuwa nzuri kweli.

Kuna jaribio ambalo ningependa kila mwenye gramafoni alifanye. Osha santuri unayoipenda, hakikisha sindano ni nzima, kisha rekodi inavyolia kupitia kifaa chenye biti 24 na vipimo 96,000 kila sekunde. Hifadhi kwa FLAC, faili lisilotupa chochote. Sasa cheza santuri na faili kwa pamoja, sauti zikiwa sawasawa kabisa, maana kinachozidi kidogo tu kwa ukubwa huonekana kitamu zaidi. Mtu mwingine abadilishe bila wewe kuona. Besi itakuwepo. Mchakacho wa vumbi utakuwepo. Ule ulaini unaoitwa joto la santuri nao utakuwemo ndani ya namba. Kama dijitali ingekuwa inaua uhai wa muziki, ungekufa hapo. Na faili lina neema moja ya ziada: santuri ndogo za mizunguko 45 zilikuwa na dakika chache kila upande, hivyo wimbo mrefu ulikatwa, uimbaji upande wa kwanza na chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, upande wa pili. Fundi makini anaziunganisha pande mbili, na wimbo unaingia kwenye chemko bila mtu kuinuka.

Kwa hiyo fedha iende wapi? Kwanza kwenye mafaili mazuri na CD zilizoandaliwa kwa uangalifu. Pili kwenye spika, na hasa mahali zinapokaa. Sebule zetu zina sakafu ya vigae, kuta za saruji na madirisha makubwa ya vioo. Sauti inagonga na kurudi. Zitoe spika ndani ya kabati la televisheni, zisogeze mbele ya ukuta, tandika zulia, funga pazia zito. Mabadiliko utakayoyasikia yatazidi ya kigeuzi chochote. Kigeuzi nakiweka mwisho: kile kipande kidogo cha Apple cha kuunganishia simu na waya, chenye kigeuzi ndani yake, ambacho Marekani kimeuzwa kwa dola 9, kimepimwa na wataalamu na kuonekana kisafi kuliko mahitaji ya nyumba nyingi. Kama simu yako inatumia Bluetooth, anza kwa kurudi kwenye waya.

Lakini jambo linaloniuma haliko sebuleni. Shirika la utangazaji la TBC limerithi maktaba ya kanda za Radio Tanzania, na humo ndimo ilimo sauti ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia ilivyo, kwani tumeijua kupitia kaseti. Kanda huchoka. Zinahitaji kuchezwa kwenye mashine iliyorekebishwa, zinakiliwe kikamilifu, na nyimbo ziuzwe kama zilivyo, bila kufutwa kila mvumo mpaka pumzi ya mwimbaji ikafutika nayo, na wanamuziki au familia zao walipwe. Kila toleo liandikwe wazi: limetoka kanda ya studio, santuri au kaseti, limenakiliwa mwaka gani na nani. Nikiona maneno hayo kwenye jalada la nyimbo za mwanamuziki wa dansi Marijani Rajab, nitalipa bei ya santuri mpya kwa faili tu, na sitaomba punguzo.