Saa 72: Tusimpotezee Jirani Yetu Wakati



Mtumbwi unapopinduka mbele ya mwalo wetu wa Kibirizi, hakuna mvuvi anayesimama mchangani akiuliza kama aliyemo majini alikuwa amelewa, au kama alimuaga mkewe. Watu huingia majini. Maswali huja baadaye, mtu akiwa amekwisha kuvaa nguo kavu. Lakini iko hatari nyingine ambayo kwayo sisi sote huanza na maswali, na mara nyingi maswali hayo ndiyo humzamisha mtu.

Hatari yenyewe ni hii. Mtu amekutana kimwili na mwenzake asiyejua hali yake ya afya. Au mke amegundua leo kwamba mumewe ana virusi vya UKIMWI. Au binti amebakwa njiani akirudi kuanika dagaa. Ugonjwa huu ulipogunduliwa kwa mara ya kwanza nchini mwetu, mkoani Kagera mwaka 1983, mtu wa namna hiyo hakuwa na la kufanya ila kungoja. Leo sivyo. Zipo dawa ambazo, zikimezwa mapema, huzuia virusi visipate makao mwilini. Watumishi wa afya huziita PEP. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu aangaliwe kwa kadiri ya hatari iliyompata, si kwa kadiri ya jinsi ilivyompata: awe muuguzi aliyechomwa na sindano, aliyebakwa, au aliyejiingiza kwa hiari yake.

Dawa hizi zina muda wake. Sharti zianzwe ndani ya saa 72, yaani siku tatu, na kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Aliyekuwa hatarini Ijumaa saa nne usiku, mlango wake hufungwa Jumatatu saa nne usiku. Akingoja kliniki ifunguliwe, akafika Jumatatu saa nne asubuhi, amekwisha kupoteza saa 60.

Basi afanye nini?

Kwanza, aende hospitali mara moja, hata kama ni usiku au Dominika, aseme waziwazi kilichotokea na aulize juu ya PEP. Sisi wa Kibirizi hatuna udhuru wa safari, kwa maana mjini Kigoma na Hospitali ya Maweni ni karibu. Ndugu zetu wa Mwamgongo na Kagunga hutegemea boti, kwa hiyo wao wawahi zaidi. Asijioshe ndani kwa sabuni wala kwa dawa yoyote, kwani huko ni kujichubua na kuvifungulia virusi njia. Wala asiazime vidonge vya jirani anayetumia ARV.

Pili, akubali kupimwa, akijua kipimo hicho kinasema nini. Kipimo cha kesho yake huonyesha hali aliyokuwa nayo kabla ya tukio. Hakiwezi kuonyesha maambukizi ya jana. Wengi hupata majibu mazuri siku hiyo, wakarudi nyumbani wakishangilia, na muda ukawapita. Akikutwa tayari ana virusi, ataanzishiwa matibabu, na hilo nalo ni kuokolewa. Mama mjamzito au anayenyonyesha amwambie mtoa huduma.

Tatu, ameze dawa kila siku kwa siku 28 bila kuruka, hata akisikia kichefuchefu. Ikimsumbua, arudi kwa mganga badala ya kuacha. Kisha arudi kupimwa tena kama atakavyoelekezwa, hadi kipimo cha baada ya miezi mitatu. Katika muda huo ajizuie, amlinde mwenzi wake, wala asitoe damu.

Wapo watakaouliza: Je, Padre, hii si kuwafungulia watu mlango wa dhambi? Mafundisho ya Kanisa juu ya usafi wa moyo na uaminifu wa ndoa yanabaki vilevile, nami nayahubiri bila kupunguza neno. Lakini hakuna fundisho la Kanisa linalotaka mwenye dhambi aadhibiwe kwa ugonjwa, achilia mbali mke wake na mtoto atakayezaliwa. Anayekuja kuungama na apewe huruma ya Mungu, kisha ahimizwe kwenda hospitali mchana huohuo. Toba haina mwisho wa saa 72; dawa inao.

Hapa linaingia suala la haki, na hasa kwa waliobakwa. Ipo desturi mbaya ya kuyamaliza mambo nyumbani. Wazee hukaa, hupatana mbuzi wawili na fedha kidogo, na wakati wanapeana mikono ya amani, muda wa dawa umekwisha. Hiyo si amani. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtu mzima anayebaka hustahili kifungo kisichopungua miaka 30. Hakuna baraza la ukoo wala la kigango lenye mamlaka ya kulifuta kosa hilo kwa faini. Aliyebakwa apelekwe hospitali kabla hajaoga, na nguo zake zitunzwe. Polisi wapewe taarifa, na fomu ya PF3 itafutwe kwa ajili ya mahakama, lakini kuitafuta fomu kusiicheleweshe dawa.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, kwenu ninaomba mambo matatu. Tunzeni siri: Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mgonjwa na kukataza unyanyapaa, na hata kama isingekuwapo sheria, ulimi unaomfanya mtu aogope kuonekana hospitali unashiriki katika maambukizi yake. Tengeni fedha kidogo ya nauli, itolewe bila kuuliza ni ya nini. Msamaria alilipa dinari mbili kwa mtu asiyemjua. Tatu, semeni habari hii ya saa 72 mapema, kabla haijahitajika. Sisi wa mwaloni twajua majira: mwezi unapokuwa mpevu mitumbwi ya dagaa hupumzika, mapato hugawanywa, na wageni wa kutoka Burundi na Kongo hujaa sokoni. Lakini tusidhani kwamba jambo hili ni la wavuvi na wageni pekee. Limo katika nyumba zenye cheti cha ndoa ukutani.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa tunapewa neema zaidi ya hiyo, kwani tunapewa siku tatu kabla maradhi hayajawa maradhi. Atakayebisha hodi kwako usiku na hofu machoni, usimuulize alikuwa na nani. Muulize ilikuwa saa ngapi, kisha chukua tochi umsindikize.