Anayemkopesha mwenye nyumba ni mpangaji

Tuseme kijana amepata kazi Kariakoo kwa mshahara wa shilingi 350,000, na dalali amemwonesha chumba na sebule Mbagala kwa 100,000 kwa mwezi. Bei hiyo anaimudu. Kinachomshinda ni masharti: alipe miezi sita mbele, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Kabla hajaingiza hata godoro anatakiwa awe na 700,000 mkononi, yaani mishahara miwili mizima bila kula wala kupanda daladala. Atakopa kwa shemeji, atakopa kazini, atakopa kwenye simu kwa riba. Akishahamia ndipo atajua kwamba choo wanachangia familia nne na maji hutoka usiku wa manane.

Mjadala wa kodi za nyumba Dar es Salaam huishia kwenye bei. Mimi naona kidonda kiko kwenye malipo ya mkupuo. Anayelipa kwa mwezi, paa likivuja na mwenye nyumba akijifanya hasikii, anafungasha mwisho wa mwezi. Aliyelipa miezi sita amekwisha kutoa alichonacho, na aliyebaki na fedha hana sababu ya kuharakisha. Kwa hesabu yoyote, mpangaji huyo ni mkopeshaji: ametoa fedha za nusu mwaka bila riba, bila dhamana, mara nyingi bila risiti. Fedha hizo ndizo zinazopiga lipu chumba cha pili na kuezeka banda la uani. Nyumba nyingi za uswahilini zimekua hivyo, chumba baada ya chumba. Wala siwakejeli wenye nyumba. Fundi cherehani wa Tandika mwenye kiwanja kisicho na hati akienda benki atarudi mikono mitupu, basi amemgeukia aliye karibu.

Wapo wanaotaka serikali ipange bei. Huko tumeshapita. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha ya thamani kubwa na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1984 ikaja sheria ya kudhibiti kodi za pango: ikaweka ukomo wa kodi, ikaunda mabaraza ya nyumba ya mikoa, ikamzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri. Kwenye karatasi kodi zilikuwa nafuu. Nje ya karatasi kulikuwa na kilemba, fedha za kuachiana ufunguo, ambazo hazikuandikwa popote na hakuna baraza lililoweza kuzifuata. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Sijakutana na wengi wanaoililia.

Mtaani husemwa kwamba tangu hapo mpangaji hana sheria. Anayo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina sehemu nzima ya upangaji. Inamtaka mwenye nyumba anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu na maeneo ya pamoja. Pale ambapo muda wa upangaji haukutajwa wala hakuna kifungu cha notisi, sheria inauhesabu upangaji kwa kipindi cha malipo, na notisi ya kuvunja isipungue kipindi hicho. Kwa maana hiyo, mwenye nyumba aliyezoea kupokea kodi ya miezi sita bila makubaliano mengine, akimwambia mpangaji "nakupa siku saba," anajitungia sheria yake mwenyewe.

Ila kifungu kizuri kinahitaji mlango wa kubisha. Baraza la kata tangu mwaka 2021 limebaki na kazi ya kusuluhisha, halina tena nguvu ya kuamua. Hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lile lile linalosikiliza magombano ya mashamba na viwanja. Nani ataacha kibarua chake na kupanga foleni huko kudai kodi ya miezi mitatu aliyoilipa bila kuilalia? Mwenye nyumba naye yumo humo humo. Akipata mpangaji sugu, mwaka unaweza kwisha mtu yumo ndani na kodi haionekani. Kwa hiyo anajihukumia mapema: anachukua miezi sita kabla ya ugomvi. Tunaita tamaa, na tamaa ipo, lakini kwa sehemu kubwa ni bima ya mtu asiyeamini kwamba atasikilizwa kwa wakati.

Kodi ya majengo inaonyesha vizuri ubavu umeegemea wapi. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye manunuzi ya umeme wa LUKU. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Kodi ni ya mwenye jengo, anayenunua umeme ni mpangaji. Tuliambiwa watakatana kwenye kodi ya pango. Aliyelipa hadi Desemba ataikata wapi?

Nairobi watu hulipa kwa mwezi na kuweka amana, aghalabu ya mwezi mmoja. Si kwamba sheria yao ya kudhibiti kodi ni kali. Sura ya 296 inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya, kiwango kilichoachwa nyuma na wakati zamani. Ila mwenye nyumba wa kule ana sheria ya kukamata mali ya anayedaiwa kodi kupitia dalali wa mnada. Njia hiyo ni katili, na nisingependa kuiona ikivuka Namanga. Lakini inaeleza kwa nini anaridhika na mwezi mmoja.

Ningependa migogoro ya pango ya fedha ndogo ipelekwe mahakama ya mwanzo, kwa fomu moja, bila kulazimika kuwa na wakili, na uamuzi utoke ndani ya siku 30. Hapo ndipo sheria ya kuweka ukomo wa kodi ya mbele, tuseme miezi mitatu, itakuwa na maana. Na uamuzi huo uende pande zote mbili: amri ya kurudisha fedha iwe rahisi kupatikana sawa na amri ya kuhama. Wanaharakati wa wapangaji hawatapenda nusu hii ya pili. Bila hiyo, mkataba utaandikwa miezi mitatu na fedha zitapokelewa za sita, kama kilemba kilivyopokelewa.