Si Kila Gari la Deraya ni Kifaru

Wasemaji wengi wa Kiswahili, hata wa Eldoret, mji wenye chuo cha makurutu na kiwanda cha risasi, huliita kila gari la kijeshi la chuma "kifaru". Kosa hili si dogo. Kifaru hutambaa kwa minyororo na kubeba mzinga. Kazi yake ni kushambulia. Gari la deraya la magurudumu hubeba askari na kuwafikisha wakiwa hai. Tangu majeshi ya Kenya yaingie Somalia Oktoba 2011, tishio kuu barabarani limekuwa bomu lililofukiwa. Ndiyo maana magari kama Hızır ya Uturuki, ambayo Kenya iliagiza 118 mwaka 2021, yana tumbo lililochongoka mfano wa mkuku wa jahazi, ili nguvu ya mlipuko iende kando. Gari lilo hilo laweza kuchukua majeruhi au kulinda msafara.

Juni 2024 jeshi liliamriwa kuingia mitaani wakati wa maandamano. Siku kama hiyo, kutangaza kwamba "vifaru vimeingia mjini" ni kuzidisha hofu ambayo tayari ina sababu zake. Deraya, vazi la kale la vita, ni neno tulilo nalo. Kweli, "gari la deraya la magurudumu" ni refu kwa mtangazaji. "Gari la deraya" latosha.