Mutoto ameumiza mutu na pikipiki: nani alipe?

Ile siku ya mukutano wetu wa sindika, watu walifika na hasira. Juma moja mbele, kijana wa miaka 15 alikuwa anashuka mulima na pikipiki ya tajiri wake. Injini alikuwa amezima ili abakishe esanse. Alikuwa amebeba mifuko miwili ya mali na muchimbaji mumoja juu yake. Kwenye kona akakuta mama anarudi soko na mutoto mugongoni. Mama alivunjika muguu fasi mbili. Mutoto alipona, Mungu peke yake anajua namna gani. Kijana aliinuka, akaangalia, akakimbilia musituni. Pikipiki ilibaki pale, gurudumu lingali linazunguka, na dakika kumi hazikupita vijana wengine wakaanza kutafuta kiberiti.

Ni upande wetu wa Masisi. Kijiji sitataja, juu familia zote mbili zinasoma hili gazeti.

Ordre du jour ilikuwa beyi ya coltan na cotisation ya mutuelle. Hatukufika huko. Papa mumoja, muchimbaji wa zamani, akasimama: « Kamarade, huyu akamatwe, akae buloko miaka kumi, wengine wataogopa. » Mwingine akasema fimbo zinatosha, lakini zipigwe mbele ya watu wote. Kisha mama mumoja mujane, mwenye anauzaga beignets karibu na shimo, akaomba neno: « Ninyi wote munasema ni mutoto. Mwenye aliniulia bwana alikuwa mutoto pia. Mimi niko na yatima ine, na yeye ninamukuta kila siku ya soko, anapigia mimi honi nitoke njiani. »

Hakuna mwenye alimujibu. Njo sababu ninaandika.

Tuanze na sheria, juu watu wengi wanadai azabu yenye haiko. Code pénal yetu, artikulo 53, inasema mwenye kuleta kifo bila kukusudia anafungwa toka miezi mitatu mupaka miaka miwili, na amende. Hiyo ni kwa mutu mukubwa. Miaka kumi ya yule papa haiko fasi yoyote, labda hakimu aone kwamba dereva alitaka kuua. Kwa mutoto, sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inasema wazi: mwenye hajafikisha miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la penal hata kidogo. Toka 14 mupaka 18 anapelekwa mbele ya tribunal pour enfants. Pale hakimu anaweza kumukaripia na kumurudisha kwa wazazi, ao kumuweka kwa familia ingine yenye mwenendo mwema, ao kumutuma kwa nyumba ya kulelewa. Ile sheria ilitaka kila territoire na kila muji viwe na tribunal yake. Mutu wa Rubaya, wa Nyabiondo, wa Mubi ao wa Njingala anajua mwenyewe ni saa ngapi za mateso mbele ya kufika kwa hakimu wa watoto.

Na leo ni mubaya zaidi. M23 iliingia Rubaya mwisho wa Aprili 2024, kisha Masisi-centre Januari 2025, na Goma 27 Januari 2025. Walikale-centre nayo ilianguka Machi 2025 mbele ya kuachwa tena mwanzo wa Aprili. Ile siku Goma ilianguka, gereza ya Munzenze ilifunguka. Gereza ile ilijengwa kwa watu mia chache, ikawa inabeba maelfu. Wafungwa walitoroka, wanawake wengi walitendewa mabaya, na wengi waliungua ndani pamoja na watoto wao. Munzenze ilikuwa na watoto wafungwa pia. Mutu mwenye anasema « tumutume gereza » afikiri kwanza ni gereza gani anayo kichwani.

Sitaki kuingia siasa. Ninasema tu hivi: fasi yenye hakimu wa Serikali haiko, mwenye bunduki njo anakuwa hakimu. Tunajua bei yake. Atachukua pikipiki, atachukua amende, na mama mwenye muguu umevunjika hataona hata franka moja. Kijana naye anaweza kuambiwa: « Unajua kuendesha? Basi kuja utuendeshee sisi. » Mutoto mwenye tulitaka kuazibu kwa ukali, tutakuwa tumemupa kwa jeshi. Muzazi wa Masisi ao wa Walikale mwenye ameona watoto wake wakichukuliwa hatanibishia.

Sasa tuulize swali lenye hatupendi: huyu mutoto alifikaje juu ya pikipiki?

Miaka ya nyuma, watoto walikuwa ndani ya mashimo. Waliosha coltan, walibeba mifuko, waliingia fasi yenye mutu mukubwa hapiti. Kisha ikaja mambo ya site vert. Mine yenye iko na watoto, wanawake wenye mimba ao watu wa bunduki haiwezi kupewa rangi ya kijani, na mali yake haipewi étiquette. Sisi wa sindika tulisaidia hiyo kazi, na sijutie. Code minier pia inataka mwenye carte ya creuseur awe mutu mukubwa. Basi watoto walitoka shimoni. Lakini nani aliuliza wanaenda wapi? Masomo yalikuwa ya kulipa, na hata nyuma ya elimu ya bure ya shule za msingi kutangazwa 2019, mutoto wa miaka 14 ao 15 hayuko tena wa shule ya msingi. Walitoka chini ya udongo wakapanda pikipiki. Étiquette inafungwa kwa mufuko. Agent anapima kilo, anaandika jina la négociant, na hakuna fasi kwa ile karatasi ya kuandika miaka ya mwenye anabeba.

Na pikipiki si yake. Hapa njo ninataka tukae kidogo.

Tajiri ananunua TVS mbili ao tatu. Anaweza kumupa mutu mukubwa, lakini mutu mukubwa ataomba mukataba, iko na bibi na watoto wa kulisha, na siku mvua imeharibu njia atasema « leo hakuna versement, Boss ». Mutoto hasemi hivyo. Mutoto anaogopa, na anafurahi juu amepewa pikipiki, wenzake wanamuangalia. Versement inatoka kila jioni: njia ikuwe na matope, panne ikuwe, barrière zikuwe kumi. Na barrière haziishi. IPIS ya Ubeljiji ilihesabu karibu 800 katika Kivu zote mbili mwaka 2017, na tangu pale sijaona nyingi zikitoka. Kila fasi makuta inabaki. Kwa hiyo mutoto anafanya hesabu yenye wewe pia ungefanya: apunguze esanse kwa kuzima injini kwenye mushuko, aongeze mutu wa tatu, na akimbize ili afanye safari mbili mbele ya usiku. Tunaita hiyo wazimu wa ujana. Sehemu moja ni wazimu wa ujana kweli. Ingine ni hesabu ya tajiri.

Sisi nasi tusijifiche. Nani anapandaga nyuma na mufuko wa kilo 50 akisema « kimbiza, dépôt itafunga »? Ni sisi. Mimi mwenyewe, mwaka moja, nilipanda na mutoto toka Sake kupanda Mushaki usiku, bila taa ya mbele, juu nilitaka kufika kwa matanga. Alikuwa na sauti ya mutoto bado. Nilimulipa zaidi ili aende mbio. Kama tungeanguka, watu wangesema yeye peke yake njo alikuwa mubaya.

Sheria ya zamani kabisa inajua hii mambo. Code civil, livre III, artikulo 260: wazazi wanajibu kwa hasara yenye mutoto wao mwenye anakaa nao ameleta, na bwana wa kazi anajibu kwa hasara yenye mutumishi wake ameleta katika kazi yenye alimupa. Tajiri mwenye kupokea versement ni bwana wa kazi, hata kama hakuandika karatasi. Na tangu 1973 assurance ya vyombo vya motere ni lazima. Zamani ilikuwa SONAS peke yake, na tangu sheria ya 2015 kampuni zingine zinaweza pia. Nimeuliza wanamoto kwenye parking kama wako na ile karatasi. Walinicheka.

Lakini kwa vijiji vyetu tunafanya namna gani? Tunaita familia ya mutoto. Baba iko mukimbizi, ao alikufa. Nyanya anauza kipande cha shamba, ao mbuzi zake. Ile feza inalipa nusu ya dawa. Kisha tajiri anakuja nyuma ya siku tatu, anatoa chupa za bière kwa wakubwa wa kijiji, anachukua pikipiki yake, na asubuhi ingine inapita tena na mutoto mwingine juu. Hiyo njo hukumu yenye nimeona mara nyingi. Ni kali sana kwa nyanya, na kwa tajiri ni bure.

Sisemi mutoto aachwe. Kuna wandugu wa ONG wenye wanakuja na banderole na kusema mutoto ni victime tu. Si kweli kila mara. Kijana wa miaka 17 mwenye amekunywa kanyanga, ameonywa mara mbili, na bado anafanya course na wenzake katikati ya soko, anajua vizuri kitu anafanya. Huyu lazima apelekwe kwa hakimu fasi hakimu iko, na atolewe pale kijijini kwa muda. Na kwangu mimi kosa lenye linapita yote ni kukimbia. Kuanguka kunaweza kumupata kila mutu. Kumuacha mama analia na mutoto wake njiani, hapo kijana amechagua mwenyewe.

Lakini anakimbia juu ya nini? Anakimbia juu anajua kiberiti kinakuja. Tumeona pikipiki zikichomwa, tumeona dereva akipigwa mawe mbele ya mutu kuuliza jina lake. Kadiri tunaongeza hasira, kadiri wanakimbia mbio zaidi, na mugonjwa anabaki na damu inatoka. Kama tunataka kijana abakie, lazima tumuahidi kwamba mwenye kubaki hatapigwa, na kisha tushike ile ahadi. Hii ni kazi ya wanamoto wenyewe kupitia association yao, na ya sisi.

Ufaransa, Julai 2025, walitunga sheria mupya ya « homicide routier », azabu inaweza kufika miaka kumi kama dereva ameunganisha makosa mengi, sawa pombe na kukimbiza. Wale wenye wanapenda azabu kali wananionesha hiyo. Wasome mupaka mwisho: hata kule, kwa mwenye hajafikisha miaka 18, kwa kawaida azabu inakatwa nusu. Na kule kuko polisi wa kupima pombe, daktari, na assurance ya kulipa muguu. Sisi tunataka kuchukua buloko yao bila hospitali yao.

Kitu kimoja kidogo kinaokoa kuliko buloko: casque. OMS inasema casque nzuri inapunguza hatari ya kufa karibu 40 kwa 100. Rwanda, hapo tu nyuma ya mupaka, hata mwenye kupanda nyuma anavaa. Kwetu mutoto iko na casque moja, ameitundika kwa guidon juu ya barrière ya polisi.

Basi nilisema kwa mukutano: nguvu yetu si buloko, nguvu yetu ni mufuko. Mali haitembei kama sisi hatukuipakia. Tukubaliane kwamba kwenye mashimo yetu hakuna mufuko unapanda pikipiki yenye inaendeshwa na mutu wa chini ya miaka 18. Tajiri mwenye kumuweka mutoto, pikipiki zake zote zisipakie kwetu miezi sita. Na pikipiki yenye imeumiza mutu ikae kwa shefu, na fungo mbili, moja kwa shefu na moja kwa familia ya mugonjwa, mupaka facture ya hospitali ilipwe na mwenye pikipiki. Négociant mumoja aliinuka akatoka. Papa wa miaka kumi aliuliza: « Na mutoto je? » Tukasema mutoto asishike guidon mupaka miaka 18, na afanye kazi kwa mama mwenye ameumizwa mupaka mama asimame tena.

Pikipiki haikuchomwa. Mwenye pikipiki alikuja siku ya tatu, kama kawaida, na bière. Shefu alikunywa bière na akakataa fungo. Siku ya tano tajiri alilipa nusu, na nusu ingine bado tunaifuata. Kijana alitoka musituni akiongozwa na nyanya yake. Leo anashota maji asubuhi na jioni kwa yule mama, bidoni mbili mbili, na ninasikia mama hamusalimie bado.

Mujane wa beignets alikuja kuniona nyuma ya mukutano. Aliuliza kama ile mambo ya tajiri inaweza kurudi nyuma miaka mitatu. Nilimuambia kwa sheria sijui vizuri, nitauliza avoka. Lakini tajiri wa ile pikipiki tunamujua, angali anapakia kwetu, na tumemuita siku ya posho.