Gatina, Mnaogopa Booster Bure: Cheki Hiyo Simu Iko kwa Sikio

Maze, story ya mtaa unaijua. Booster ikisimamishwa juu ya ploti, majirani wanaanza kusema italeta kansa. Kutoka Gatina hadi Kibera ni wimbo mmoja.

Sasa skiza. Mawimbi ya redio hufifia haraka: ukiwa mara mbili mbali, unapata robo tu ya nguvu. Booster iko juu huko na inarusha mawimbi yake kwa upana, mbali. Simu nayo imegusa sikio lako. Mawimbi mengi yanayofika kichwani yanatoka kwa hiyo simu.

Na simu hupandisha nguvu kulingana na netiweki. Booster ikiwa karibu, inanong'ona. Ikiwa mbali, inapiga nduru. Simu kwa 2G inaweza kufika wati 2, lakini kwa 4G inazunguka kama robo wati. Keja yako ni ya mabati pande zote? Mabati huzuia mawimbi. Ukifunga mlango unabaki na kijiti kimoja cha netiweki, simu inang'ang'ana. Toka uongelee hapo nje. Na mkifukuza hiyo booster, simu za ploti nzima zitaanza kupiga nduru.

Kipimo chenyewe kinaitwa SAR, yaani nguvu ambayo mwili unanyonya. ICNIRP, tume ya kimataifa ambayo nchi nyingi hufuata, imeweka wati 2 kwa kila kilo kwa kichwa na kiwiliwili. Marekani ni wakali kidogo, 1.6. Hiyo 2 haikutoka hewani. Walianza na 20, kiwango ambacho joto linaweza kuleta shida, wakagawanya kwa 10.

Na kansa je? Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliweka mawimbi haya kwa kundi la "huenda", 2B. Usipanik, baadaye dondoo la majani mazima ya aloe vera liliingia kundi hilo hilo. 2024 uchambuzi mkubwa wa tafiti ulioagizwa na WHO haukupata uhusiano kati ya simu na kansa ya ubongo.

Ngori iko kwingine. Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha mauzo ya iPhone 12 kwa sababu ilipima 5.74 simu ikiwa mkononi, na kikomo cha mkono ni 4. Apple wakarekebisha kwa apdeti ya programu. Hao walishikwa kwa sababu kuna mtu alipima. Sasa ile simu feki ulipata kwa bei ya kutupa, nani aliipima? Hakuna. Karatasi inayokuja nayo inaweza kuandikwa namba yoyote. Septemba 30, 2012 serikali ilizima simu feki zaidi ya milioni moja Kenya, na watu wengi walishtuka tu line ikikufa. Mamlaka ya Mawasiliano, CA, inataka kila modeli iidhinishwe kabla iuzwe. Feki haipitii huko.

Bonyeza *#07#. Simu nyingi smati zitakuonyesha SAR yake. Ukipiga story ndefu, tumia spika ama earphones, hata sentimita chache zinasaidia sana. Na wewe wa boda unayesukuma simu ndani ya helmeti ukiendesha, hapo mawimbi ndio shida yako ndogo kabisa.